Mtoto wa Kwenye Picha Atakua

Kila asasi inayotafuta michango siku hizi imeshapewa ushauri uleule: zungumza na kila kizazi kwa lugha yake. Wazee wapelekee taarifa kwenye kundi la WhatsApp. Walio kazini wawekee takwimu na picha nzuri Facebook na Instagram. Vijana watengenezee video ya nusu dakika TikTok. Ushauri huu una mantiki. Anayetaka kusikika lazima aende walipo wasikilizaji. Bibi yangu hatafungua TikTok, na mdogo wangu hatasoma taarifa ya kurasa nne.

Lakini ushauri huo unahesabu vizazi vya upande mmoja tu, upande wa wanaotoa. Unauliza mzee atavutwa na nini na kijana atavutwa na nini. Hauulizi chochote kuhusu mtu wa tatu, yule ambaye habari yake ndiyo inayowavuta wote wawili. Naye ana umri, na umri wake unasonga. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na miaka tisa, sare imechanika begani, miaka sita baadaye ana simu mkononi, au rafiki yake anayo. Wakati huo yeye mwenyewe ni mmoja wa vijana ambao asasi inawatafuta mtandaoni. Anafungua ukurasa, anajikuta.

Hapo ndipo swali langu lilipo: ni haki kumsaidia mtu kwa kusimulia habari zake kwa namna ambayo, akija kuzikuta, zitamwumiza?

Nimelikuta swali hili katika kikundi kidogo ninachojitolea, hapa Tanzania, kinachowasaidia wanafunzi wa sekondari. Tangu mwaka 2016 shule za sekondari za serikali hazidai ada hadi kidato cha nne, lakini nauli ya daladala haikufutwa, wala bei ya sare, viatu na madaftari. Hayo ndiyo tunayolipia. Wanachama wetu ni wa vizazi vitatu: walimu wastaafu walioanzisha kikundi, wanafunzi wao wa zamani ambao sasa wana ajira na watoto, na sisi wa vyuo vikuu.

Wazee wanataka orodha. Katika kundi letu la WhatsApp wanataka kuona jina, ahadi, kiasi kilichotolewa na jumla chini yake, kama michango ya harusi inavyofanywa. Kwao uaminifu ni orodha isiyoruka namba. Walio kazini wanataka kujua fedha imefanya nini: wanafunzi wangapi, muhula gani, imebaki kiasi gani. Vijana wenzangu wanatoa elfu moja au elfu mbili kwa simu, mara nyingi usiku, dakika ileile walipoguswa. Na kinachogusa haraka kuliko vyote ni sura ya mtu.

Mwaka jana mmoja wetu alitengeneza video ya binti wa kidato cha pili. Ilionyesha nyumba yao, godoro, viatu vyake vilivyofunguka mbele, na muziki wa huzuni chini yake. Ilikuwa kazi nzuri, na sote vijana tuliona ingechangisha. Mama yake alikuwa amekubali, na binti mwenyewe alikuwa amesema "sawa". Kabla ya kuiweka mtandaoni tulimwonyesha mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu anamwita Mwalimu tu. Aliitazama hadi mwisho, akarudisha simu.

"Huyu binti ana marafiki shuleni?"

Tukasema anao.

"Na hao marafiki wanaingia huko TikTok?"

Hakuna aliyejibu.

"Basi wanangu, mnamvisha viatu huku mnamvua nguo."

Video ile haikuwekwa. Ubishi, hata hivyo, haukuisha, na haukupaswa kuisha, kwa sababu jibu la Mwalimu linaacha maswali magumu.

Kwanza, lugha yetu ina neno zuri kwa kile alichokuwa akikitetea: stara. Kumsitiri mtu ni kumfunika, na ni kumsaidia pia. Tunasema "nimesitirika" tukimaanisha nimepata cha kuniondoa aibuni. Katika neno hilo msaada na kufunika aibu ni tendo moja. Kinyume chake ni kuanika, kutoa nje juani kila mtu aone. Tuna neno lingine kwa ubaya wa mtoaji: masimango, kule kumkumbusha mtu kila mara kwamba ulimlisha. Waislamu wanafundishwa kwamba masimango huibatilisha sadaka, na Wakristo wanafundishwa wasipige tarumbeta wanapotoa. Zamani masimango yalihitaji kinywa cha anayesimanga. Siku hizi video inafanya kazi hiyo hata aliyeiweka akiwa amelala, na hata miaka kumi baada ya yeye kusahau.

Lakini nilimwambia Mwalimu, kwa heshima zote, kwamba hata orodha yake inaanika. Yule aliyeandika ahadi ya elfu hamsini na mbele yake pamebaki patupu kwa wiki tatu, naye anatazamwa. Alicheka, akakubali. Tofauti niliyoiona baadaye ni kwamba mwenye jina kwenye orodha aliliandika mwenyewe, na anaweza kutoka kwenye kundi leo jioni. Binti hakuwa na mlango wa kutokea.

Pili, kuna hoja ambayo siwezi kuipita kimya: picha huokoa. Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer alichapisha makala mashuhuri kuhusu njaa na wajibu wa wenye nacho. Mfano wake ni rahisi. Ukipita kando ya dimbwi ukamwona mtoto anazama, utaingia kumtoa hata kama nguo zako zitachafuka, kwa kuwa uchafu wa nguo si kitu mbele ya uhai. Kwa mizani hiyo, haya ya binti ni nini mbele ya shule yake? Hata Kenya, mwaka 2011, ukame ulipoipiga Turkana, zilikuwa picha za watu waliokonda zilizoiamsha nchi. Kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyowaunganisha Msalaba Mwekundu, wakfu wa Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari, ililenga shilingi milioni 500 ndani ya mwezi mmoja, na lengo hilo likapitwa. Mtu aliweza kutuma hata shilingi 10 kwa M-Pesa. Wanafunzi walitoa, na wastaafu wakatoa. Kama kuna mfano wa vizazi kukutana mahali pamoja, ndio huo.

Nimeufikiria mfano wa Singer mara nyingi, na nadhani kuna kitu haukukihitaji. Kwenye dimbwi lake hakuna kamera. Mtoto anatolewa majini, anapelekwa nyumbani, habari inaishia hapo. Mwokoaji hahitaji kumwonyesha akizama ili apate nauli ya kumwokoa mwingine kesho. Sisi tunahitaji, au tunadhani tunahitaji, na hapo mtoto anaanza kufanya kazi mbili: anasaidiwa, na anatumika kuchangisha. Kazi ya pili hakuiomba, na hatuimalizi siku anapopata viatu.

Tena, njaa haiwezi kusubiri. Nauli ya muhula inaweza kusubiri wiki moja tutafute maneno mengine. Asasi nyingi ndogo zinaazima sauti ya dharura kwa shida ambazo si za dharura, kwa sababu sauti hiyo ndiyo inayosambaa.

Tatu, kuna hatari ya kumwambia kila kizazi kile tu kinachokivuta hadi habari ikamtoka mwenyewe. Mfano mkubwa ninaoujua ni Kony 2012. Mwezi Machi mwaka huo asasi ya Kimarekani ya Invisible Children ilitoa filamu ya nusu saa kuhusu Joseph Kony na jeshi lake la LRA, lililoteka maelfu ya watoto kaskazini mwa Uganda. Ilitengenezwa ikiwalenga vijana, na mtengenezaji wake anaonekana akimweleza mwanawe mdogo Kony ni nani. Ndani ya wiki moja ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Kwa kipimo cha kuvuta kizazi, ilikuwa ushindi usio na mfano.

Siku chache baadaye filamu hiyo ilionyeshwa uwanjani mjini Lira, mbele ya watu walioiishi vita ile. Walikuja kwa maelfu. Baadhi walikuwa wamepoteza watoto, wengine viungo vya mwili. Walichokiona kilikuwa habari ya baba mmoja wa Marekani na mwanawe, na fulana zenye jina la mtu aliyewaua ndugu zao. Kufikia wakati huo LRA ilikuwa imeshaondoka Uganda kwa miaka kadhaa. Wao walikuwa na maswali ya matibabu, mashamba na fidia. Onyesho liliisha kwa hasira na mawe, na waandaaji wakasitisha maonyesho yaliyokuwa yamepangwa kufuata.

Filamu iliwagusa vijana wa mbali na kuwaumiza wenye habari. Zamani pengo hilo lisingeonekana, kwa kuwa bango la London halikufika Lira. Mtandao umeliondoa hilo. Anayesimuliwa na anayesimuliwa kwake wanasoma ukurasa mmoja.

Mtu atasema kwamba dawa ni ridhaa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni jambo jema kwamba sasa kuna sheria ya kuegemea. Lakini ridhaa inayoombwa na mtu aliyeshika bahasha ya nauli ni ridhaa ya aina gani? Mama wa yule binti angesema nini zaidi ya "hakuna shida"? Kukataa kungeonekana ukosefu wa shukrani. Na mtoto anayesema "sawa" akiwa na miaka kumi na minne hawezi kumsemea mtu atakayekuwa akiwa na ishirini na nne.

Kikundi chetu kimekubaliana mambo machache. Hatuweki sura ya mwanafunzi anayepokea msaada. Badala yake tunaonyesha vitu: jozi ya viatu yenye bei yake, njia ya kwenda shule na idadi ya kilomita, karatasi ya hesabu za muhula. Video za vijana zinasimuliwa na sisi tunaochanga, tukieleza kwa nini tunatoa, kwa kuwa habari hiyo ni yetu na tukiijutia tutajijutia wenyewe. Wanafunzi waliomaliza shule, wakitaka kusimulia, wanasimulia kwa maneno yao, na wakiomba ifutwe inafutwa bila kuulizwa sababu.

Gharama ipo. Michango ya vijana ilishuka miezi ile ya kwanza, na nauli ya wanafunzi wawili ililipwa kutoka kwenye akiba ya wazee. Jozi ya viatu haimlizi mtu usiku wa manane. Rafiki yangu aliyetengeneza ile video bado anaamini tulichagua haya yetu mbele ya mahitaji ya watoto, nami namheshimu kwa kutonyamaza. Ila nadhani kijana anayetoa tu akiona mwenzake amedhalilika, tumemfundisha kutazama. Kutoa bado hatujamfundisha, na kufundisha huko kunachukua muda mrefu kuliko nusu dakika.

Kwa hiyo naendelea kuukubali ule ushauri wa kuzungumza na kila kizazi kwa lugha yake, kwa sharti moja. Kabla hatujauliza kama habari itamgusa mzee au kijana, tuulize kama mwenye habari anaweza kukaa katikati yao inaposimuliwa, leo na akiwa mtu mzima, asiinamishe kichwa.