Amana ya Malisho

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akaotesha kwayo majani, yakawa chakula cha wanyama wetu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyechunga kondoo kabla ya kupewa Utume.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, nchi ya Karagwe si ngeni kwa watu wa pwani. Mwaka 1861, zama za Mfalme Rumanyika, wafanyi biashara wa kwetu walikuwa na kituo chao Kafuro, wakitafuta pembe. Leo na tuende kwa fikira mpaka Kihanga, katika nchi ile ile, tukatafute ilimu ya malisho.

Vilima vya Kagera vina mbuga za majani ziitwazo rweya. Hazina ua; wengi hulisha humo, na hukata majani ya kuezekea na ya kutandaza migombani. Samadi ya wanyama nayo hurejea kibanjani, ndilo shamba la migomba. Basi rweya ikiharibika, mgomba nao hudhoofika, na njaa humfikia hata asiye na kondoo mmoja.

Sasa mtazame kondoo. Ng'ombe huyazoa majani kwa ulimi. Kondoo huyakata karibu na udongo. Akirejeshwa pale pale kila siku, hula chipukizi kabla halijapata nguvu, na mzizi hufa. Mvua ikija haioni cha kuizuia, ikauchukua udongo mpaka bondeni. Tena mavi yake yana mayai ya minyoo. Yakianguliwa, vijiminyoo hupanda majani yenye umande, na kondoo huvila. Kwa hiyo mchungaji mwenye akili huigawa mbuga mafungu. Hulisha moja, na mengine yakapumzika. Huhama kabla majani hayajawa mafupi kuliko upana wa vidole vinne, wala hatoi kundi asubuhi mpaka umande ukauke.

Lakini mbuga ya wote itapumzikaje, ikiwa kila mtu asema: nikiiacha mimi, atalisha mwenzangu? Hapa ndipo penye mtihani. Mtume wetu ametufundisha kuwa maji, majani na moto ni vitu vya shirika. Wako wadhanio kuwa shirika ni ruhusa ya kila mmoja kuchukua awezavyo. La! Sayyidna Umar alipoyahifadhi malisho, alimweka Hunayy, mtumwa aliyemwacha huru, ayasimamie. Akamwonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa, amwingize mwenye wanyama wachache, na awazuie wanyama wa Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao walikuwa Masahaba watukufu. Lakini wanyama wao wakifa, walikuwa na mitende na mashamba. Maskini wanyama wake wakifa, hana ila kuja mlangoni na wanawe.

Basi jiulize, ewe mwenye kundi kubwa uliyelikabidhi kwa mchungaji barani: wanakijiji walipokubaliana kukipumzisha kilima, kondoo wako walikuwa wapi? Usiseme, sikuwapo. Mchungaji hutumwa, hesabu ni ya mwenye mali. Mwulize leo, kabla hujaulizwa wewe.

Mwenyiezi Mungu atujaalie kuwa wachunga wa amana, wala si walaji wake. Amin.