Mtihani Bila Msimamizi

Zamani mtihani ulijulikana kwa mambo matatu: meza zilizotengana, ukimya, na mwalimu aliyetembea polepole katikati ya mistari. Mwenye kutaka kudanganya alificha kikaratasi ndani ya kiatu au aliandika maneno kiganjani, na mwalimu alijua pa kutazama. Leo wengi hujifunza kwa njia ya intaneti. Mwalimu yuko mbali, labda katika nchi nyingine. Mwanafunzi yuko chumbani mwake, na mlango umefungwa. Maswali yako mbele yake katika kompyuta, na kando yake iko simu yenye majibu. Nani atausimamia mtihani huo?

Ndugu msomaji, swali hili si la mashine tu. Ni swali la dhamiri. Tulitazame taratibu.

1. Jicho la mashine

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga shule karibu dunia nzima, vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vilitumia programu za kusimamia mitihani. Programu hizo hufungua kamera, humwangalia mwanafunzi macho yake yaelekea wapi, husikiliza sauti, na humtia alama ya mashaka akigeuka. Vyuo vingine vilimwamuru mwanafunzi azungushe kamera chumbani kabla ya kuanza, ili ionekane kwamba hamna mtu mwingine wala kitabu.

Katika chuo kikuu cha Cleveland State, jimbo la Ohio, mwanafunzi mmoja aliamriwa hivyo mwezi wa Februari 2021, kabla ya mtihani wa kemia. Chumbani mlikuwa na karatasi zake za siri, wala hakupata nafasi ya kuziondoa. Alitii, kisha akaenda mahakamani. Mwezi wa Agosti 2022 hakimu alikata neno: chuo hicho, kwa kuwa ni cha Serikali, kilivunja katiba ya nchi, inayowalinda watu wasipekuliwe nyumbani mwao pasipo haki.

Mtu atasema: «Mbona analalamika? Asiye na kosa haogopi kupekuliwa.» Neno hilo laonekana kuwa na akili, lakini halina haki. Mtu akija kwangu akitaka kuingia mpaka chumba cha ndani, nitamkatalia. Si kwamba nimeficha mali ya wizi, bali nyumba ina heshima yake: mgonjwa amelala humo, mama anavaa humo, na umaskini wetu umo. Na mwanafunzi anayelala chumba kimoja na wadogo zake wanne, afanye nini, ikiwa kila sauti ya mtoto yahesabiwa kuwa dalili ya udanganyifu?

2. Je, tuliondoe jicho hilo?

Wengine husema: «Basi waacheni wanafunzi peke yao, tuwaamini.» Neno jema, lakini tusikilize yaliyotokea West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani. Kanuni ya heshima ya chuo hicho yamkataza mwanafunzi kusema uongo, kudanganya, kuiba, hata kuwavumilia wenye kufanya hivyo. Lakini mwezi wa Mei 2020, walipofanya mtihani wa hesabu wakiwa mbali na chuo, wanafunzi 73 walishtakiwa kwamba wamedanganya. Walimu walitambuaje? Waliona makosa yaleyale katika majibu ya wengi. Jibu sahihi laweza kuwa moja kwa wote. Lakini kosa la namna moja kwa watu wengi lina baba mmoja. Wengi wao walirudishwa nyuma mwaka mzima, na wengine walifukuzwa.

Kwa hiyo twasema hivi: shule ina haki ya kuulinda mtihani, maana diploma ni ahadi kwa watu wote. Lakini ulinzi uwe na kipimo, nao hauwezi kuzaa uaminifu. Mbuzi aliyefungwa kamba hasifiwi kwa sababu hakula mahindi ya jirani. Uaminifu waanza pale kamba inapokosekana.

3. Mwenye kudanganya anamwibia nani?

Wengi hujibu: «Hamwibii mtu. Karatasi ni yake, alama ni zake.» Si kweli.

Tuseme kijana anajifunza uuguzi. Somo la kupima dawa ni gumu, naye analipita kwa majibu ya rafiki. Amepata diploma, wazazi wamefurahi, kuku amechinjwa. Baada ya mwaka mmoja yuko zamu usiku, peke yake, na mtoto ana homa kali. Dawa yapimwa kwa uzito wa mtoto. Rafiki hayupo. Mtihani ule ule umerudi, ila sasa haumo katika karatasi, umo katika damu ya mtoto. Nani ameibiwa? Kwanza mtoto. Tena mama yake, aliyeona nguo nyeupe akaamini. Tena wenzake waliosoma usiku wakapata alama ndogo. Mwisho yeye mwenyewe, maana alipewa nafasi ya kujifunza akainunulia karatasi.

Mhunzi hamfanyii mwanafunzi wake hila. Humwambia: fua jembe. Jembe likipinda siku ya kwanza ya kulima, kila mtu ajua.

4. Mwenye kuuza majibu

Katika nchi ya Kenya wako vijana wengi, wenye elimu ya juu, wasiopata kazi. Wao huandika kazi za shule kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani na Uingereza, nao hulipwa kwa njia ya intaneti. Mwanafunzi tajiri apata diploma. Kijana mwenye akili apata chakula na kodi ya nyumba. Mwaka 2022 Uingereza ilitunga sheria ya kukataza biashara hiyo kule England.

Tumwambie nini kijana huyo? Tusimhukumu upesi tukiwa tumeshiba. Njaa yapunguza lawama yake. Lakini haigeuzi uongo kuwa kweli. Aibu kubwa ni ya mnunuzi, ambaye hakuwa na njaa. Tena kuna jambo la kusikitisha: kijana huyo anayo elimu bila diploma ile, na mwenzake anayo diploma bila elimu. Dunia inayomheshimu wa pili na kumsahau wa kwanza haijui kupima.

5. Kazi ya mwalimu

Mwezi wa Novemba 2022 ilitokea ChatGPT, programu yenye kuandika jibu la swali lolote kwa muda mfupi. Walimu waliogopa, wakatafuta programu nyingine za kuigundua. Lakini hizo pia hukosea, na kampuni iliyotengeneza ChatGPT iliiondoa yake mwaka 2023, kwa kuwa haikusema kweli vya kutosha. Kumfukuza kijana kwa ushahidi wa namna hiyo ni dhuluma. Afadhali mkosefu mmoja apone kuliko asiye na kosa apotezwe.

Basi mwalimu afanye nini? Amwite mwanafunzi, hata kwa simu, dakika kumi tu, amwulize: «Hapa uliandika hivi. Kwa nini?» Aliyefanya kazi atajibu, hata akigugumia. Aliyenunua atanyamaza. Tena aulize maswali yasiyo na jibu vitabuni: kisima cha kwenu kina hatari gani, nawe ungekitengenezaje? Mwalimu anayeuliza kila mwaka maswali yaleyale, wala hasomi majibu kwa makini, asishangae akidanganywa. Naye amenakili.

Najua dakika kumi kwa wanafunzi mia mbili ni siku nyingi, na walimu wengi hawalipwi vizuri. Ndiyo sababu vyuo hupenda mashine: yauzwa kwa bei nafuu kuliko mwalimu. Lakini wenye vyuo wajiulize: wakimpa mwanafunzi kamera badala ya mwalimu, wamemfundisha nini juu ya uaminifu?

Nawe mwanafunzi, usiku wa leo, mlango ukiwa umefungwa na simu iko karibu: iweke mbali, andika unachokijua. Ukipata alama sita kwa kumi, hizo sita ni zako, na zile nne zilizobaki unajua sasa pa kuzitafuta.