Mbwa Ajilambaye Nyayo

Liko swali ambalo kwa msomaji wa visiwani huenda likaonekana dogo, tena lisilostahili kurasa za washairi: kwa nini mbwa mchanga hukaa kutwa akijilamba na kujitafuna nyayo zake? Mbwa kwetu ni mnyama wa mbali. Hulinda shamba, hupita ufukoni usiku, hutupiwa jiwe akisogea. Na katika viungo vyake vyote, ulimi ndio tunaojihadhari nao zaidi. Ukizipekua tungo zetu utamkuta mara nyingi akiwa tusi ambalo mshairi humrushia mwenzake, na mara chache mno akiwa mbwa. Hata hivyo namwomba msomaji tulichukue swali hili hadi Endulen, kwani huko mbwa si mpita njia, na mwenye kulipuuza swali lenyewe anaweza kulilipia.

Endulen ni kata ya wafugaji ndani ya eneo la hifadhi la Ngorongoro, lililowekwa mwaka 1959 ili Wamasai na mifugo yao waishi pamoja na wanyama wa mwituni. Tangu mwaka 2022 jina la sehemu hizo limesikika zaidi kwa habari ya wakazi kuhama kwenda Msomera, Handeni. Jambo hilo wenyewe wamelisemea na wanaendelea kulisemea. Wana ndimi, na mimi si msemaji wao. Ninayemzungumzia hapa ni yule ambaye hana wa kumsemea. Boma la Kimasai huzungushiwa miiba. Ndani mna ndama na mbuzi. Nje kuna fisi, chui na simba. Na mbwa, ambaye Wamasai humwita oldia, hulala baina ya pande hizo mbili. Hatarajiwi kumshinda simba. Anatarajiwa kubweka kabla mtu hajasikia chochote.

Tumchukulie basi mbwa wa miezi mitano au sita, ambaye ndiyo kwanza anaanza kufuatana na mbuzi malishoni. Kila mbuzi wakisimama, yeye huketi, huinua mguu wa mbele na kuulamba. Kisha hutafuna kati ya vidole. Kama manyoya yake ni meupe, utaona yamegeuka rangi ya kutu. Hiyo si damu bali ni mate, kwani mate ya mbwa yana kitu ambacho kikikaukia juu ya manyoya meupe huyapa rangi hiyo. Watu wa boma wakiulizwa watasema ni utoto, ataacha. Mwingine atasema ni njaa. Majibu yote mawili yana sifa moja ya kuvutia: hayamlazimishi aliyeyatoa kuinama.

Anayeinama hukuta mengi. Pengine ni mwiba wa mgunga uliovunjikia ndani, au mbegu ya nyasi yenye ncha, ambayo huingia kwa upande mmoja na hairudi kwa ule ilioingilia. Pengine ni kupe waliojibana kati ya vidole, au viroboto, au wadudu wa ngozi wa jamii ya upele, wadogo hata hawaonekani kwa macho, ambao aghalabu mtoto hupewa na mama yake siku za kunyonya. Pengine ni mzio wa chakula au wa majani. Na wako wanaojilamba kwa kuwa wamefungwa kamba siku nzima bila kazi wala mwenza. Lolote liwalo, kulamba huleta unyevu, unyevu huleta ukungu wa ngozi na vidonda, na vidonda huzidisha mwasho. Hivyo sababu ya kwanza yaweza kuondoka na mbwa asiache.

Sehemu nyingine za Afrika Mashariki huwa ni funza, ambaye watu wa pwani humwita pia tekenya. Mdudu huyu ni mgeni. Alivuka bahari kutoka Brazil na mwaka 1872 akashuka Ambriz, Angola, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameivuka bara yote hadi upande wetu. Huingia kwenye wayo wa mbwa kama aingiavyo kwenye unyayo wa mtoto anayetembea pekupeku, naye hachagui. Kaya inayomtoa mtoto funza ikamwacha mbwa na wake, itakuwa na kazi hiyo hiyo mwezi ujao.

Sasa tufike kwenye lenye uzito. Wahenga wetu wamesema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hizi ni za hekima, lakini zimekuwa na matumizi ya aibu. Zilikusudiwa kumzuia mtu asimhukumu mwenzake kwa haraka. Sisi tumezigeuza pazia, kwamba maadamu siwezi kuujua mwasho wa mwingine, basi haunihusu. Descartes wa Ufaransa, katika karne ya 17, alilipeleka wazo la namna hiyo mbali zaidi: aliwaona wanyama kuwa mitambo, mfano wa saa, na kilio chao akakieleza kama mwendo wa magurudumu. Kwa fikra hiyo, mbwa wetu wa Endulen hawashwi. Mguu wake tu ndio unaokwenda mdomoni. Mwingereza Bentham akauliza mwaka 1789 kwa namna iliyo karibu zaidi na ubinadamu: la kutazamwa si kama mnyama anafikiri au anasema, bali kama anaumia.

Walakini kwa maoni yangu jibu lililo bora zaidi wasomaji wa pwani wamelisikia tangu chuoni, nalo limo katika hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtu aliyeshikwa na kiu njiani alishuka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema na kula udongo wenye unyevu kwa ajili ya kiu. Akajiambia kwamba huyu kimempata kile kile kilichonipata mimi. Akashuka tena, akajaza maji kiatuni, akakishika kwa meno apate kupanda, akamnywesha. Akasamehewa. Kwa kawaida tunaisoma hadithi hii kama funzo la huruma, na ndivyo ilivyo. Lakini mna ndani yake hoja ya kifalsafa ambayo Descartes angepata tabu kuijibu. Mtu yule hakungoja athibitishiwe kwamba mbwa ana nafsi ya kuhisi kiu. Alitazama ulimi ulioko ardhini, akakumbuka koo lake mwenyewe lilivyokuwa muda mfupi uliopita, na hilo likamtosha. Hakuwahi kulilalia kitanda cha yule mbwa; alikuwa amelala kwenye kitanda chake, na kunguni ni wale wale.

Najua msomaji ataniuliza habari ya najisi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Simo miongoni mwa wale wanaotaka kuigeuza hukumu hiyo kuwa somo la tiba; ibada ni ibada, na haihitaji kuombewa cheti kwa daktari. Ninachosema ni kwamba hukumu ile ni juu ya namna mimi ninavyojitakasa, wala haikusema chochote kuhusu kumwacha mnyama na mwiba mguuni. Kiatu cha yule mtu wa kisimani kilinywewa na mbwa. Na katika Suratul Kahf, wakati vijana wamelala pangoni, mbwa wao ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Wafasiri wameandika mengi juu ya vijana wale na idadi yao. Mimi kila nikiisoma jicho langu hukaa kwenye miguu ile miwili, ambayo Kitabu hakikuona ni vibaya kuitaja.

Lugha yetu nayo imekwisha kutoa ushahidi wake, pengine bila sisi kuukusudia. Katika Kiswahili mbwa hutembea na upatanisho ule ule wa mtu: mbwa huyu analia, mbwa wangu ameumia. Kiti kimevunjika, mti umeanguka, lakini mbwa amekufa. Sarufi yetu imemweka upande wa wenye pumzi. Ila tunao pia mlango wa kumtolea nje. Tukisema kijibwa, mara anakuwa kitu: kijibwa kile kinajilamba. Nami nimeona kwamba mlango huo hufunguliwa zaidi kwa walio wadogo na walio wagonjwa, yaani kwa wale hasa ambao maumivu yao yangetutaka tufanye kitu.

Wako waliokwisha kulifikisha shauri hili barazani. Ikhwan as-Safa wa Basra, katika karne ya 10, waliandika risala ambamo wanyama wanawashitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, na mahakama hiyo imewekwa, niseme kwa furaha ya mwana wa visiwa, kisiwani. Humo wanyama wa mwituni wanamlaumu mbwa kwa kuwakimbia na kujiunga na binadamu kwa ajili ya makombo. Kwa hiyo mbwa hana kwao pawili: porini ni msaliti, nyumbani ni najisi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ya Tanzania Bara, imejaribu kumpa mahali pa tatu, pa karatasi, kwa kumtaka mwenye mnyama amkinge na mateso yasiyo ya lazima. Ni jambo jema. Lakini sheria haitakwenda malishoni kufunua vidole vya mtoto wa mbwa.

Wenye kusema kwamba haya ni mapambo ya watu wenye nafasi, na watazame yaliyotokea karibu na Endulen mwaka 1994. Ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliingia kwa simba wa Serengeti, na takriban theluthi moja yao wakafa. Watafiti waliufuatilia hadi kwa mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Ugonjwa huo huwa na alama nyingi, na mojawapo, kwa baadhi ya mbwa, ni ngozi ya nyayo kukakamaa na kuwa ngumu kama gome. Sidai kwamba kila ajilambaye anayo distempa, wengi hawanayo. Nasema kwamba habari ya mfalme wa mwitu kufa ilianzia kwa mnyama ambaye hakuna aliyemwangalia. Baadaye mbwa wakaanza kuchanjwa, ambako kwanza kunahitaji kila mbwa ajulikane ni wa nani.

Na tusidhani ni mambo ya bara peke yake. Pemba ilikuwa na kichaa cha mbwa. Kampeni za kuwachanja mbwa zilianza mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ukawa umekoma. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje, uchanjaji ukarudiwa, na mwaka 2018 ukakomeshwa mara ya pili. Ili ugonjwa huu ushindwe huhitajika kuchanja kiasi cha mbwa 7 kati ya kila 10, na mbwa hachanjwi bila kushikwa. Mtu aliyemshika wake, kisha akaenda kujitwaharisha, hakutengua lolote katika dini yake, na huenda aliokoa mtoto wa jirani.

Karibu na Endulen pia kuna Laetoli. Mwaka 1976 mtafiti mmoja, Andrew Hill, alikuwa akirushiana na wenzake kinyesi kikavu cha tembo kwa mzaha. Akianguka katika kukwepa, uso wake ukafika karibu na ardhi, naye akaona alama za nyayo za wanyama katika majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe. Miaka miwili baadaye kundi la Mary Leakey likafunua hapo nyayo za viumbe waliotembea wima, za umri wa miaka zaidi ya milioni tatu na nusu. Mbwa hayumo katika safari ile. Alikuwa bado hajafugwa na mtu yeyote. Ninachokipenda katika habari hii ni kule kuanguka. Wenye elimu walikuwa wakitembea juu ya nyayo zile, na hakuna aliyeziona mpaka mmoja alipoteleza.

Linabaki jambo gumu, wala sitaki kulipita. Mbwa aliyeng'atwa na mwenye kichaa huweza, wiki au miezi baadaye, kuanza kujiguguna pale pale palipong'atwa, kwa sababu virusi huamsha mwasho katika kovu. Mate yake wakati huo yaweza kuua. Kwa hiyo mvulana wa Endulen anayemwona mbwa wake akijitafuna mguu yumo kati ya amri mbili: ainame amtazame, au asimame mbali. Akimkuta mchangamfu, anakula, anafuata mbuzi kama jana, na vidole vina kupe, basi kazi ni ya koleo na maji ya chumvi. Akimkuta amebadilika, hamjui mtu, sauti imekauka, mate yanamtoka, asimguse. Amwite mkubwa wa boma, naye mkubwa amwite mtu wa mifugo. Na kama ulimi ulikwisha kugusa mkwaruzo kabla hajatambua, aoshe pale kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa robo saa, kisha siku hiyo hiyo aende hospitali akachanjwe, ijapokuwa ni safari ya mguu na mbuzi hawana wa kuwachunga. Ila kuutofautisha mwasho wa kupe na mwasho wa kichaa hawezi yule ambaye hakuwahi kumtazama mbwa wake siku alipokuwa mzima.