Waliookota Mawe



Mwaka 2019 gari liitwalo Bloodhound, lenye injini ya ndege, lilikimbia zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa katika uwanda mkavu wa Hakskeen, Afrika Kusini. Kwa mwendo huo hata kokoto moja ni hatari. Kwa hiyo watu 317 wa sehemu hizo walikuwa wametangulia kuokota mawe kwa mikono, zaidi ya tani 16,000. Jina la dereva twalijua; majina yao hatuyajui.

Hapa Kivukoni tunawakumbuka vijana waliosukuma magari kwenye matope ya masika ili yaifikie pantoni. Nani aliandika majina yao? Na sisi tuliofundisha tuliwasifu waliofaulu, tukawasahau waliofagia darasa.

Katika Majilio haya Isaya 40 yatuagiza tumtengenezee Bwana njia. Je, ni kokoto ipi tuliyoiona ndogo, tukairuka? Ndugu tusiyesalimiana naye? Deni la jirani? Tusingoje kazi ya kusifiwa. Tuiname, kila mmoja aokote yake. Bwana anawajua waokotao. Amina.