Tawi Njiapanda

Atokaye Nansio kwenda msitu wa Rubya huweza kukuta vijia visivyo na alama. Aijuaye njia akipita kimya, je, amemkosea ajaye nyuma? Wengine husema, "Hakumdanganya mtu." Lakini katika misafara ya karne ya 19, karne iliyomleta Speke Mwanza (1858), kirangozi alipofika njiapanda aliifunga njia isiyofaa kwa matawi, au kwa mstari wa mguu, wa nyuma wasipotee. Tena njia yenyewe ilikanyagwa na watu tusiowajua. Tuliipokea bure, basi alama ni deni letu kwa ajaye. Usiku ukimkuta mgeni msituni, kunyamaza kwetu ndiko kulikompoteza. Kwa hiyo yatupasa kukata tawi na kulilaza njiapanda.