Pumziko Letu na Ijumaa ya Jirani

Je, pumziko letu ni halali ikiwa limemnyima mwingine la kwake? Swali hili hatukulipata chuoni. Tulilipata Unguja, siku ya Ijumaa, tukiwa na mchanga miguuni.

Ilikuwa likizo ya Juni. Sisi wazazi pamoja na watoto wetu tulikodi gari mjini ili tutembelee fukwe nne kwa siku moja: Nungwi, Kendwa, Matemwe na Paje. Kabla hatujaondoka, dereva alituomba jambo moja: "Baba, leo Ijumaa. Ikikaribia saa saba mchana naomba niende msikitini mara moja." Tukamjibu, "Bila shaka, kaka."

Nungwi tulitazama mafundi wakiunda madau. Kendwa ndiko tulikojisahau. Pale maji hayapwi mbali kama pwani ya mashariki, basi watu huogelea kutwa. Tulimwachia dereva mikoba na simu zetu, tukasema tunarudi sasa hivi. Tulirudi saa nane. Tulimkuta amekaa kivulini kando ya gari, amevaa kanzu, kofia ameishika mkononi. Asingeweza kuziacha mali zetu, wala kuondoka nazo bila sisi kujua. Tulipoomba radhi alisema tu, "Si kitu, twendeni."

Wapendwa, kama sisi tungecheleweshwa hivyo Jumapili asubuhi, tungesema imani yetu imedharauliwa.

Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5 haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye malangoni. Tena inawakumbusha Israeli kwamba nao walikuwa watumwa Misri. Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, anaanza na mahitaji ya mwili: watumishi waliofanya kazi juma zima wapate siku ya kupumzika. Kisha anataja lililo kubwa zaidi, kwamba watu wapate nafasi ya kukusanyika mbele za Mungu. Haya tumeyafundisha katika darasa la kipaimara miaka mingi.

Mtu atasema: dereva alilipwa, na wala si wa dini yetu. Ni kweli tulimlipa. Lakini tulilipia safari. Saa yake ya sala haikuwamo katika bei. Na amri haiulizi kwanza kama anayetuhudumia ni wa kwetu. Hata mgeni imemtaja.

Matemwe tulikuta maji yamejaa, na mwani wa akina mama umeanikwa juani. Watoto wakauliza tutafika Paje saa ngapi. Tukawaambia, kwa leo basi. Adhana ya Alasiri iliposikika, dereva aliingia msikitini, nasi tukabaki kulinda gari lake. Ijumaa ile hatukuweza kumrudishia. Hata nyongeza tuliyompa jioni, ambayo aliipokea kwa shukrani, haikuwa fidia yake.

Tangu siku hiyo, kabla ya kumshukuru Mungu kwa mapumziko, tunajiuliza ni nani aliyekuwa kazini kwa ajili yetu: dada wa kazi nyumbani, mlinzi wa kanisa, mama anayetupikia sikukuu. Je, wao siku yao ni lini, na tumewauliza?