Tumbo na Kikapu

Familia inayotoka Dodoma mjini Jumamosi asubuhi kwenda kushinda kwenye mashamba ya mizabibu ya Hombolo au Bihawana haidhani kwamba inakwenda kujibu swali la dini. Inakwenda kupunga upepo. Lakini mtoto akishafika chini ya mzabibu, mkono hutangulia akili: vidole viwili vinanyofoa tunda moja katikati ya kichala, ule unga mweupe uliolala juu ya ganda unabaki kwenye ncha za vidole, na tunda limeshapotea mdomoni. Mama anamkemea: "Acha, si zetu hizo!" Karipio hilo kila mzazi analijua, na wengi tungelitoa bila kufikiri mara mbili. Nataka kuuliza kama ni la kweli.

Torati, ambayo haina mchezo na mwizi, ingemwambia mama huyo apunguze ukali. Kumbukumbu la Torati 23:24 inamruhusu mtu aliyeingia katika shamba la mizabibu la jirani yake ale zabibu mpaka ashibe. Inachomkataza ni kutia chomboni. Mstari unaofuata unasema vivyo hivyo juu ya nafaka: masuke kwa mkono ni halali, mundu ni haramu. Sheria hii haikuwa pambo la kitabuni. Katika Mathayo 12, wanafunzi wa Yesu wanapita shambani kwa watu, wanavunja masuke na kula, na Mafarisayo wanawajia juu kwa kuvunja Sabato. Juu ya wizi hawasemi kitu, na wale hawakuwa watu wa kuacha kosa lipite. Upande wa Waislamu, mkusanyaji wa hadithi Tirmidhi amepokea kutoka kwa Ibn Umar hadithi inayomruhusu aliyeingia bustanini ale, ila asibebe kitu katika pindo la nguo yake. Wanazuoni walitofautiana juu ya upana wa ruhusa hiyo: Imamu Ahmad bin Hanbal aliipanua kwa bustani isiyo na ukuta, na wengi wengine wakaifungia kwa mwenye dharura. Hata hivyo mpaka umepita palepale, kati ya kinywa na pindo.

Watu huzisoma amri hizi kama huruma kwa mwenye njaa, nami siwapingi, ila naona wanaliacha lililo kubwa zaidi. Tazama kipimo chenyewe. Mtunga sheria angeweza kusema kichala kimoja, au konzi moja, na mambo yangekuwa rahisi kwa mlinzi wa shamba. Hakusema. Kipimo alichochagua ni mwili wa mlaji. Tumbo lina mwisho wake, tena unafika mapema: zabibu ni tamu, na baada ya kichala cha pili utamu unaanza kukera. Kikapu hakina mwisho huo. Kikijaa huletwa kingine, nyuma yake punda, nyuma ya punda soko. Anayekula hana la kufanya na kesho, anayebeba ameshaanza kuipangia. Kwa hiyo naamini sheria inatenganisha namna mbili za kuwa shambani mwa mtu, ugeni na biashara, na inataka kila moja ijulikane kwa jina lake. Anayekula palepale ni mgeni, na tunda alilokula ni sehemu ya kukaribishwa kwake.

Mkulima atanijibu kwamba haya ni maneno ya mtu asiye na mzabibu. Dodoma ni nchi kavu, mvua yake kwa mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600, na ingawa mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kila mavuno yametanguliwa na kupogoa, kupiga dawa na kumwagilia, na mara nyingi na deni. Basi la wanafunzi sitini likishushwa shambani na kila mmoja akala shibe yake, ruhusa ya Torati itamfilisi mtu. Hoja hii ina uzito, na marabi waliiona zamani. Katika Talmudi ya Babeli, Isi mwana wa Yehuda alisema kwamba mstari ule unamhusu kila mwanadamu apitaye, na rabi aliyeitwa Rav akasema juu ya kauli hiyo kwamba Isi hajamwachia kiumbe yeyote nafasi ya kuishi. Marabi wengine waliifunga sheria: anayekula ni kibarua, wakati anafanya kazi shambani humo. Kwa uchumi wa shamba walikuwa sahihi. Ila kipimo hawakukigusa. Mwili ndio uleule unaopima, wamebadilisha tu mwenye mwili. Nasi Waswahili tuna mgeni wa siku mbili anayepewa jembe siku ya tatu, kwa hiyo njia ya kutoka kwa mgeni kwenda kwa kibarua si ndefu kama inavyoonekana.

Hapo ndipo matembezi ya familia yanapopata kipimo ambacho wapangaji wa safari hawakifikirii. Wageni wanakula. Je, yule mwenye mkasi mkononi, anayekata vichala tangu jua halijachomoza na kuvipanga kwenye kreti, anaruhusiwa kutia tunda mdomoni bila kukatwa ujira? Kama mtalii wa siku moja anashiba na mvunaji anafungwa kinywa, shamba hilo limeipindua sheria juu chini, hata kama bango la lango limepambwa na mstari wa Injili.

Wapo watakaosema kwamba fedha imelimaliza suala lote: tumelipa kiingilio, basi tumenunua haki yetu. Mimi naona kiingilio kinaharibu kitu hapa, ingawa si haramu na mkulima anastahili kipato chake. Aliyelipa huanza kuhesabu. Anajiuliza kama amekula zabibu za thamani ya shilingi zake, analazimisha kichala cha nne asichokitamani, na tumbo lake, lililokuwa mpaka, limegeuka kikapu. Simu nayo hufanya vilevile, maana kuna familia hurudi na picha mia mbili za mzabibu ambao hakuna aliyesimama chini yake kwa dakika tano. Heri shamba linaloyatenga mambo: chini ya mzabibu ule kama mgeni, kwa ukarimu wa mwenyewe au kwa ada inayojulikana ni ya nini, kisha langoni uwepo mzani, anayetaka ndoo aipime na ailipie bei kamili bila kuomba punguzo la ugeni.

Kwa hiyo karipio la mama lina ukweli, ila limetolewa mahali pasipo pake. Chini ya mzabibu lilimchomoa mtoto tunda mdomoni bure. Langoni, baba anapoisukuma ndoo ya tatu nyuma ya gari na mwenye shamba ameinamia mzani bado anapima ya kwanza, "si zetu hizo" lingefaa kusemwa kwa sauti.